Pikipiki ya Zahanati: Ilikotoka na Kwa Nini Ni Lazima Itunzwe

Kila mkazi wa kambi anaifahamu. Inatoka asubuhi ikiwa na sanduku la bluu la chanjo nyuma, inarudi jioni imejaa vumbi au tope. Wazee huiita tukutuku, waliotoka Kongo husema moto, na wengi wetu tunasema pikipiki. Jina lolote utakalotumia, mashine hiyo ndiyo inayoleta chanjo ya surua kwa mtoto wako, ndiyo inayopeleka makohozi ya mgonjwa wa kifua maabara, na mara nyingine ndiyo inayomwahi mama mwenye uchungu kabla gari halijapatikana.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi kwenye mikutano ya afya ni haya: Kwa nini pikipiki ya zahanati inasimamishwa kufanyiwa matengenezo wakati bado inatembea? Kwa nini haruhusiwi mtu kubebea mkaa au kuni? Kwa nini shirika halinunui pikipiki za bei nafuu kama zile za boda boda, ili ziwe nyingi?

Maswali haya ni ya haki na yanastahili kujibiwa kikamilifu. Ili kuyajibu, katika toleo hili tunaeleza historia ya pikipiki hizi za silinda moja zilizoundwa kwa ajili ya njia mbaya: zilianzia wapi, zimebadilika vipi, na mabadiliko hayo yana maana gani kwa afya yetu.

KWA NINI SILINDA MOJA?

Injini ya pikipiki hupata nguvu pale petroli na hewa vinapowaka ndani ya chumba cha chuma kiitwacho silinda. Mlipuko huo husukuma pistoni, pistoni huzungusha shafti, na shafti huzungusha gurudumu kwa njia ya gia na mnyororo. Gari mara nyingi huwa na silinda nne au zaidi. Pikipiki kubwa za lami huwa na mbili au nne. Pikipiki ya njia mbaya, mara nyingi, huwa na silinda moja tu.

Sababu ni rahisi. Silinda moja ina plagi moja, kabureta moja na pistoni moja. Vitu vichache maana yake ni vitu vichache vya kuharibika, na fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe akiwa na spana chache. Injini hiyo hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma yaliyoizunguka, kwa hiyo haina rejeta ya kutoboka wala maji ya kumwagika. Pia ni nyembamba na nyepesi. Ikiangukia mtaroni, watu wawili wanaweza kuinyanyua. Gari likiangukia mtaroni, kijiji kizima huitwa.

Injini ya silinda moja iliyotengenezwa vizuri ina sifa nyingine: huvuta kwa nguvu hata ikiwa inazunguka polepole. Katika tope la masika hiyo ndiyo sifa inayotakiwa, kwa sababu mwendeshaji hahitaji mbio bali kwenda taratibu bila injini kuzima.

ENZI YA MOSHI WA BLUU: STROKI MBILI

Pikipiki nyingi za kwanza nyepesi za njia mbaya zilizoenea duniani zilikuwa za stroki mbili. Katika injini ya aina hii, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha. Haina valvu za juu. Ni nyepesi, ina nguvu kuliko ukubwa wake, na ni rahisi kuifungua. Lakini ina sharti moja kubwa: oili ya kulainisha pistoni huingia pamoja na petroli na kuungua pamoja nayo. Ndiyo maana hutoa moshi wa bluu na sauti kali.

Zamani mwendeshaji alilazimika kuchanganya oili na petroli kwa kipimo, kila anapojaza tangi. Akisahau oili, au akipunguza ili kubana fedha, pistoni hukwama ndani ya silinda na injini hufa papo hapo. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta mfumo ulioitwa Autolube. Oili ikawekwa katika tangi lake dogo, na pampu ikawa inaipeleka kwenye injini yenyewe. Kazi ya mwendeshaji ikabaki kuangalia tangi la oili lisikauke.

Mwaka 1968 Yamaha ilitoa DT-1, pikipiki ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 246. Kabla yake, watu wengi waliotaka kupita porini walichukua pikipiki ya barabarani na kuibadilisha: wakafunga tairi za meno, wakainua ekzosi, wakang'oa taa. DT-1 ilitoka kiwandani ikiwa tayari kwa kazi hiyo, ilhali ina taa na inaweza kupita barabarani. Iliuzwa sana, na kutoka kwake wakazaliwa ndugu zake wadogo kama DT125 na DT175. Namba hizo zinataja ujazo wa injini. DT125 ilikuja kujulikana sana Afrika, kwa mapadri, mabwana shamba na wahudumu wa afya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja nyingine iliyotengenezwa kwa kazi peke yake: AG100. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo, kwa sababu ilikusudiwa wakulima na wafugaji wa Australia na New Zealand wanaochunga kondoo na ng'ombe katika mashamba makubwa. Haikuwa nzuri wala haikuwa na mbio. Lakini tazama ilivyofikiriwa. Mnyororo wake umefunikwa wote kwa kasha, hivyo vumbi na tope haviufikii. Ina kichukulio kipana cha mizigo na vyuma vya kukinga miguu na mikono. Huwashwa kwa kiki, kwa hiyo betri ikifa bado safari ipo.

Mfugaji wa New Zealand na mhudumu wa chanjo wa Afrika hawajuani, lakini mahitaji yao yalifanana: mzigo nyuma, njia mbaya mbele, na fundi yuko mbali. Ndiyo maana mashirika mengi ya misaada na wizara za afya zilinunua AG100 kwa miaka mingi. Hata baada ya nchi tajiri kuzibana injini za stroki mbili kwa sababu ya moshi wake, pikipiki hizi ziliendelea kuuzwa Afrika kwa miaka mingi.

STROKI NNE: OILI YAKAE NDANI

Injini ya stroki nne hufanya kazi kwa utaratibu mwingine. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja, na valvu hufungua na kufunga juu ya silinda. Oili hukaa chini ya injini na kuzunguka humo humo bila kuchomwa. Hutumia petroli kidogo zaidi, moshi wake ni mdogo, na huvuta vizuri kwa mwendo wa taratibu.

Mwaka 1972 Honda ilitoa XL250, pikipiki ya njia mbaya ya stroki nne yenye valvu nne katika silinda yake moja. Baadaye ikafuata XL125, ambayo ilitumika sana katika kampeni za chanjo barani Afrika. Yamaha nayo ilionyesha XT500 mwaka 1975, ikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Ilikuwa na silinda moja kubwa ya sentimita za ujazo 499, iliyohitaji mguu imara kuipiga kiki.

XT500 ilijulikana dunia nzima kwa sababu ya Afrika. Tarehe 26 Desemba 1978 mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar yalianza Ufaransa, yakavuka jangwa la Sahara na kumalizika Senegal Januari 1979. Pikipiki na magari yalishindana pamoja. Mshindi alikuwa kijana Mfaransa, Cyril Neveu, akiwa juu ya XT500. Mwaka 1980 alishinda tena kwa pikipiki hiyo hiyo. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa XT600 yenye tangi kubwa sana la petroli na kuipa jina Ténéré, ambalo ni jina la sehemu ya jangwa iliyoko Niger.

Mbio za jangwani si kazi ya zahanati. Lakini zilithibitisha jambo moja: injini ya silinda moja ya stroki nne inaweza kuvumilia joto, mchanga na umbali. Katikati ya miaka ya 1980 funzo hilo likarudi kwenye pikipiki za kazi kwa njia ya AG200. Hii ilichukua sifa za AG100, yaani mnyororo uliofunikwa, vichukulio na vyuma vya kukinga, ikawekewa injini ya stroki nne ya sentimita za ujazo 196. Ilikuwa na swichi ya umeme ya kuwashia, lakini kiki haikuondolewa. Mwaka 2003 Honda nayo ikatoa XR125L, ambayo imetumika na mashirika mengi ya afya.

Zipo pia pikipiki mpya zisizo na kabureta. Petroli hupulizwa na pampu kwa amri ya kompyuta ndogo. Hutumia mafuta kidogo na huwaka vizuri asubuhi ya baridi. Lakini petroli yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa huzisumbua, na fundi huhitaji kifaa maalumu kujua ubovu uko wapi. Miaka ya karibuni Kampala zimeonekana hata pikipiki za umeme ambazo hubadilishiwa betri vituoni. Hizo ni nzuri pale penye vituo. Kwa njia za mbali, injini ya kawaida bado ndiyo tegemeo.

SOMO LA SOMALIA NA LESOTHO

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa pikipiki hizi ni imara, basi tatizo la usafiri wa afya lilikwisha. Halikwisha.

Mwaka 1988 Randy Mamola, mwendeshaji maarufu wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, alizuru Somalia pamoja na Mwingereza Barry Coleman, aliyekuwa mwandishi wa habari. Walikwenda kuona kazi ya shirika la watoto ambalo walikuwa wamelichangia fedha. Walichokikuta kiliwashangaza: vyombo vya usafiri vya afya vimelala, vingine bado vipya, kwa kukosa vipuri vidogo na mtu anayejua kuvitunza. Chanjo zilikuwapo, wahudumu walikuwapo, lakini huduma haikumfikia mtu wa kijijini.

Coleman, mkewe Andrea na Mamola wakaanzisha kazi iliyokuja kuitwa Riders for Health, ambayo iliandikishwa rasmi mwaka 1996. Mwaka 1991 walianza kazi Lesotho, nchi ya milima mirefu, wakiwa na pikipiki 47. Wahudumu wa afya walifundishwa kuendesha na kukagua mashine kila siku, na vipuri vilibadilishwa kwa ratiba kabla havijavunjika. Miaka kadhaa ikapita bila hata pikipiki moja kuharibikia njiani.

Ndugu msomaji, linganisha nchi hizo mbili. Pikipiki zote zilitoka viwandani zikiwa nzima. Tofauti ilikuwa ni kuzitunza. Kwa miaka zaidi ya 50 wahandisi wamekuwa wakipunguza kazi ya mwendeshaji: kwanza kuchanganya oili, kisha kusafisha mnyororo, kisha kupiga kiki. Lakini hakuna kiwanda kilichoweza kutengeneza pikipiki isiyohitaji mtu wa kuitazama.

Hili ndilo jibu la swali la kwanza. Pikipiki ya zahanati inasimamishwa wakati bado inatembea ili isije ikasimama yenyewe kilomita 20 kutoka hapa, ikiwa na chanjo za watoto.

UPANDE WETU: MASESE, JINJA NA MBALE

Mashariki mwa Uganda ina historia yake ya usafiri wa magurudumu mawili. Neno boda boda lilizaliwa Busia, mpakani na Kenya, ambako tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya pande mbili za mpaka. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi. Leo hii kutoka mwalo wa Masese, ambako mashua za visiwani hutia nanga, hadi mjini Jinja, boda boda ndiyo usafiri wa watu wengi.

Pikipiki nyingi za boda boda nazo ni za silinda moja na ni mashine nzuri kwa kazi yake. Zimeundwa kwa lami na barabara iliyochongwa. Tairi zake ni nyembamba, tumbo lake liko karibu na ardhi, na mnyororo wake mara nyingi uko wazi. Ukiipeleka kila siku kwenye tope na mawe, bei nafuu uliyonunulia utailipa kwa vipuri. Hili ni jibu la swali la kununua pikipiki za bei nafuu. Hata hivyo, njia ikiwa nzuri, boda boda ya mjini inaweza kufanya kazi ya afya, mradi mwendeshaji afundishwe na mashine itunzwe.

Ukienda Mbale kupitia Iganga na Tirinyi, na kutoka hapo ukapanda kuelekea Bududa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, hali inabadilika. Udongo huko ni mzuri kwa kahawa na migomba lakini huteleza mvua ikinyesha. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifunika kijiji cha Nametsi, na manusura walihifadhiwa kwanza katika kambi ya Bulucheke. Katika milima kama hiyo, gari la wagonjwa mara nyingi haliwezi kufika mlangoni. Ndiyo maana wilaya za huko zimetumia pikipiki za wagonjwa zenye kitanda kilichofungwa ubavuni, kwa msaada wa shirika la PONT la mji wa Pontypridd, Wales, ambao una udugu na Mbale tangu mwaka 2005.

Je, pikipiki kama hizo zinasaidia kweli? Jaribio lilifanyika Mangochi, Malawi, mwaka 2001 na 2002. Vituo vitatu vya afya vya mbali vilipewa pikipiki za wagonjwa kwa ajili ya kina mama wenye matatizo ya uzazi. Muda wa kuchelewa kufika hospitali ulipungua kwa kati ya saa 2 na saa 4 na nusu. Bei ya kununua pikipiki hiyo ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa, na gharama za kuiendesha kwa mwaka zilikuwa ndogo karibu mara 24. Kwa mama anayetokwa na damu, saa mbili ni uhai.

Uganda imetumia pikipiki kwa kazi nyingine isiyoonekana sana: kubeba damu na makohozi ya kupimwa. Zamani sampuli kutoka kituo kidogo zilisubiri siku nyingi mpaka gari lipatikane. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Afya ilianza utaratibu mpya. Zilichaguliwa hospitali na vituo vikubwa 19 kuwa vituo vya kukusanyia. Kila kimoja kilipewa pikipiki na mwendeshaji aliyefundishwa, ambaye huzungukia vituo vidogo vilivyo jirani kwa ratiba ya wiki. Lengo la kwanza lilikuwa watoto wachanga waliozaliwa na kina mama wenye virusi vya Ukimwi, ili wajulikane mapema na kuanza dawa. Gharama za usafirishaji zilipungua kwa zaidi ya nusu, na muda wa kusubiri majibu ulipungua kwa karibu nusu. Baadaye utaratibu huo ulienea nchi nzima na kubeba pia sampuli za kifua kikuu na magonjwa ya mlipuko.

KILICHOMO NDANI YA SANDUKU LA BLUU

Wengi hudhani sanduku la chanjo ni kama mzigo mwingine wowote. Sivyo. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, tangu kiwandani hadi kwenye bega la mtoto. Joto huziua. Baadhi yao, kama ile ya kuzuia pepopunda na homa ya ini aina ya B, huharibiwa pia na kuganda.

Ndani ya sanduku kuna pakiti za barafu zilizoandaliwa, na baridi yake ina mwisho. Pikipiki ikiharibika njiani saa tano asubuhi, jua likaendelea kupanda, mhudumu hushindana na saa. Kwenye chupa nyingi za chanjo kuna alama ndogo ya mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa umekolea rangi sawa na duara au kupita, chanjo hiyo hutupwa. Kwa hiyo mnyororo uliokatika kwa kukosa oili unaweza kuwa sababu ya watoto wa bloku nzima kurudi nyumbani bila chanjo ya surua. Na katika kambi, ambako nyumba zimesongamana, surua haisubiri.

Hili ndilo jibu la swali la mkaa na kuni. Mzigo mzito hupinda spoku, hukata mnyororo na huchosha klachi. Aidha, kichukulio kilichobeba mkaa jana kitafungwa sanduku la chanjo leo.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Wapo kambini vijana wanaoendesha boda boda na wengine ni mafundi. Ukaguzi huu ni wa pikipiki yoyote ya silinda moja, nao huchukua dakika chache tu.

1. Petroli. Angalia ipo ya kutosha kwenda na kurudi. Nunua mahali unapopaamini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu injini.

2. Oili. Ikiwa ni stroki mbili, angalia tangi la oili. Ikiwa ni stroki nne, pima kwa kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Usichanganye aina hizi mbili za oili, kila moja ina kazi yake.

3. Chujio la hewa. Kipindi cha vumbi lisafishwe mara kwa mara. Vumbi likiingia ndani ya silinda hufanya kazi kama msasa, na nguvu hupungua siku hadi siku.

4. Mnyororo. Usikaze sana wala usilegeze sana. Katika pikipiki nyingi ndogo, ukiusukuma kwa kidole katikati, ucheze kama sentimita 2 hadi 3. Upake oili.

5. Breki, tairi na spoku. Kanyaga, minya, tazama. Gonga spoku kwa spana: inayolia tofauti na wenzake imelegea.

6. Nati na bolti. Mtikisiko wa silinda moja ni mkubwa na hulegeza nati. Pitia zote kwa mkono.

7. Mapezi ya injini. Ondoa tope lililoganda. Injini isiyopata upepo huchemka.

MKAZI ANAWEZA KUSAIDIAJE?

Kwanza, usimwombe mwendeshaji wa zahanati lifti wala kumbebesha mzigo. Ukikataliwa usione umedharauliwa. Anayekataa anailinda chanjo ya mtoto wako.

Pili, toeni njia. Viongozi wa bloku wanaweza kuhamasisha wakazi kufukia mashimo na kuzibua mitaro kwenye vijia ambavyo pikipiki hupita. Kufukia shimo moja ni rahisi kuliko kununua rimu mpya.

Tatu, fika siku ya kliniki kwa wakati na uje na kadi ya mtoto. Mhudumu anapotoka na sanduku, saa za barafu zimeshaanza kuhesabika.

Nne, mama mjamzito na familia yake wapange usafiri mapema. Mjue kabla ni nani ataitwa usiku na njia ipi itatumika. Dalili kama kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana, kuona maluweluwe au degedege hazisubiri asubuhi.

Tano, vaeni helmeti. Kanuni za Uganda zinamtaka mwendeshaji na abiria wa pikipiki wote wavae. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Usimpakie mtoto mbele ya mwendeshaji, na usikubali kupakiwa watu watatu.

MWISHO

Pikipiki ya zahanati imetoka mbali. Imepita kwenye mashamba ya kondoo ya New Zealand, jangwa la Sahara, milima ya Lesotho na miteremko ya Elgon. Katika safari hiyo yote kilichobadilika ni injini, na kisichobadilika ni sharti lake: ukiitunza itakufikisha, ukiipuuza itakulaza njiani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu sisi ufa ni nati iliyolegea, na ukuta ni mtoto aliyekosa chanjo.

Basi ukiiona imeegeshwa nje ya zahanati, imefunguliwa chujio na mhudumu amechafuka mikono, ujue huduma haijasimama. Hapo ndipo inapoanzia.